Lakiri isiyotoka kwenye gari: Ulinzi wa gemu ulivyoharibu kompyuta za waliolipa

LAKIRI ya forodha ina kazi moja tu. Lori linapotoka bandari ya Mombasa au Dar es Salaam kwenda Kampala, Kigali au Bujumbura, kontena hufungwa lakiri ili mtu asilifungue njiani. Mzigo ukifika, lakiri huvunjwa na shughuli inaishia hapo. Hakuna mwenye lori anayeweza kukubali lakiri ibaki kwenye gari baada ya mzigo kushushwa, ishike breki, imkatalie kubeba bidhaa nyingine, kisha iache mlango wa nyuma wazi kwa wezi.

Hayo ndiyo yaliyowafika watu wengi duniani walionunua michezo ya kompyuta kwa pesa zao halali. Ndani ya mchezo kulikuwa na programu ya pili ambayo hawakuiomba, iliyowekwa na mtengenezaji ili kuzuia watu wasinakili diski. Mchezo ulipofutwa, mara nyingi programu hiyo ilibaki. Kuna kompyuta zilizopunguza kasi, zilizokataa kusoma diski, na nyingine zilizobaki na tundu ambalo wadukuzi walilitumia kuingilia.

Kwa haraka habari hii inaonekana ni ya vijana na gemu zao. Lakini katika maduka mengi ya mipakani na mijini, kompyuta anayochezea mtoto jioni ndiyo hiyohiyo inayotoa risiti ya kodi asubuhi. Mfumo wa eTIMS nchini Kenya, EFRIS nchini Uganda, EBM nchini Rwanda na risiti za kielektroniki nchini Tanzania vimefanya kompyuta kuwa sehemu ya kaunta. Humo ndimo zilimo hesabu za wadeni, ankara za wauzaji wa Dubai na Guangzhou, na nywila za benki. Kompyuta hiyo ikiugua, biashara nayo inalala.

Habari hii inawagusa pia wanaouza kompyuta za mitumba, diski za gemu na vifaa vya vibanda vya michezo. Diski halisi iliyonunuliwa kwa bei nzuri katika soko la mitumba la Ulaya inaweza kufika Kariakoo au Luthuli Avenue ikiwa haina thamani yoyote, ingawa haina hata mchubuko mmoja.

Makosa ya makusudi

Vita kati ya watengenezaji na wanakili vilianza zamani. Mwaka 1985, mchezo wa Elite kwa kompyuta ndogo ya ZX Spectrum nchini Uingereza uliuzwa pamoja na kipande cha plastiki kiitwacho Lenslok. Mchezaji alitakiwa kukiweka mbele ya televisheni ili kusoma herufi zilizovurugwa. Televisheni ikiwa kubwa mno au ndogo mno, herufi hazikusomeka, na baadhi ya wateja walipewa kipande kisicho cha mchezo wao. Tangu wakati huo lilikuwapo tatizo ambalo halijaisha: aliyelipa ndiye anayepekuliwa.

Diski za CD zilipoenea miaka ya 1990, na vifaa vya kuchomea diski vikashuka bei, kampuni zilitafuta njia ya kutambua diski ya kiwandani. Mfumo wa SafeDisc, uliouzwa na kampuni ya Macrovision, uliweka makosa ya makusudi kwenye diski. Kifaa cha kawaida cha kuchomea kilishindwa kuyanakili makosa hayo kama yalivyo, hivyo nakala iligundulika. SecuROM, uliotengenezwa na kampuni ya Sony DADC ya Austria, ulipima namna data ilivyopangwa kwenye diski. StarForce, wa kampuni ya Moscow, Urusi, ulipima hata pembe iliyopo kati ya sehemu moja ya diski na nyingine.

Ili kupima vitu vya namna hiyo, programu ya kawaida haitoshi. Inahitajika programu inayoruhusiwa kuzungumza moja kwa moja na vifaa vya kompyuta. Programu hiyo huitwa draiva, na hukaa katika kiini cha mfumo endeshi, mahali ambapo hakuna askari wa kuiuliza inakwenda wapi. Programu ya kawaida ikiharibika hufungwa peke yake na kazi nyingine zinaendelea, lakini draiva ikiharibika inaweza kuangusha kompyuta nzima. Na ikiwa na kasoro, anayeijua kasoro hiyo anaweza kupata mamlaka yote ya kompyuta.

Mwenye duka anaweza kulilinganisha na jambo analolijua. Mteja anayeingia mlango wa mbele huonekana na muuzaji, lakini mtu aliyepewa ufunguo wa stoo haonekani tena, na usalama wa mali unategemea uaminifu na umakini wake peke yake.

Diski zilizochoka ghafla

Kati ya mwaka 2005 na 2006 malalamiko mengi yalielekezwa kwa StarForce. Wachezaji walidai kuwa baada ya kuweka michezo yenye ulinzi huo, vifaa vyao vya kusomea na kuchomea diski vilipungua kasi, na wengine walisema vilikufa kabisa. Kampuni ilikanusha kuwa programu yake inaharibu vifaa.

Ipo sababu ya kiufundi iliyotolewa kuelezea kupungua kwa kasi. Windows XP ilikuwa na utaratibu wake wa kujikinga: kifaa cha diski kikirudisha makosa mengi ya kusoma, mfumo ulikishusha kutoka njia ya haraka ya kusafirisha data na kukiweka katika njia ya zamani ya polepole. Ulinzi uliojengwa juu ya kusoma sehemu ngumu za diski ulishukiwa kuusukuma mfumo kwenye hatua hiyo. Katika njia ya polepole, kuchoma diski moja kulichukua muda mrefu, kompyuta nzima ikakwama wakati huo, na diski nyingi ziliharibika katikati.

Machi 2006, kesi ilifunguliwa nchini Marekani dhidi ya Ubisoft, kampuni kubwa ya Ufaransa iliyokuwa ikitumia StarForce katika michezo yake, ikidai fidia ya dola milioni 5. Mwezi uliofuata Ubisoft ilitangaza kuwa inaachana na ulinzi huo.

Mwaka huohuo StarForce ilijitia aibu nyingine. Kampuni ya Stardock ya Marekani ilikuwa imetoa mchezo wa Galactic Civilizations II bila ulinzi wowote kwenye diski, na mauzo yake yalikuwa mazuri. Mfanyakazi wa StarForce aliweka hadharani anwani ya mahali ambapo nakala za wizi za mchezo huo zilipatikana, kana kwamba anasema: mnaona matokeo ya kutolinda mali. Kampuni iliyojiita mlinzi wa haki za watengenezaji ilionekana ikiwaelekeza watu kwa wezi, na baadaye iliomba radhi.

Baada ya hapo lilikuja tatizo ambalo muuzaji wa mitumba anapaswa kulijua. Draiva za StarForce za wakati huo zilitengenezwa kwa ajili ya Windows za zamani. Windows mpya zilipokuja, michezo mingi yenye ulinzi huo ilikataa kufunguka hadi draiva ibadilishwe. Diski ilikuwa nzima na mchezo ulikuwa mzima, lakini kufuli lilikuwa limeota kutu.

Kununua na kuhesabiwa

Kampuni zilipoona diski peke yake hailindiki, zilihamia kwenye mtandao. Mteja alitakiwa kuujulisha mtambo wa kampuni kila anapoweka mchezo kwenye kompyuta, na kampuni ikahesabu ni mara ngapi ameuweka.

BioShock, uliotoka Agosti 2007 ukiwa na SecuROM, ulianza na kikomo cha kompyuta mbili. Wateja walipiga kelele, kikomo kikaongezwa, na mwaka 2008 kikaondolewa. Septemba 2008 ikawa zamu ya Spore, mchezo uliosubiriwa kwa miaka kutoka kampuni ya EA. Aliyeununua aliruhusiwa kuuwezesha mara tatu tu. Kubadili kifaa muhimu ndani ya kompyuta, au kufuta kila kitu na kuweka Windows upya, kuliweza kuhesabiwa kuwa ni mara nyingine. Baada ya mara tatu, mteja alipaswa kupiga simu kwa kampuni na kujieleza.

Kwa mtu wa Afrika Mashariki hesabu hiyo ni nyepesi. Umeme ukikatika ghafla mara kadhaa, diski kuu inaharibika. Virusi vikiingia kupitia flashi ya mteja, fundi anafuta kila kitu na kuanza upya. Mara tatu zinaweza kwisha kabla ya mwaka kuisha, na mwenye mchezo hajamwazima mtu yeyote.

Wateja wa Marekani hawakukaa kimya. Zaidi ya watu 2,000 waliupa Spore nyota moja katika duka la mtandaoni la Amazon, wengi wao wakilalamikia ulinzi kuliko mchezo wenyewe. Mwezi huohuo kesi ilifunguliwa katika mahakama ya California ikidai kuwa EA iliweka SecuROM kwenye kompyuta za watu bila kuwaeleza ipasavyo, na kwamba kufuta mchezo hakukuiondoa programu hiyo. EA iliongeza kikomo hadi kompyuta tano, kisha Desemba ikaanza kuuza Spore katika duka la mtandaoni la Steam bila SecuROM.

Wakati huohuo waharamia hawakuzuiwa hata kidogo. Nakala zilizovunjwa kufuli zilikuwa mitaani kabla mchezo haujafika rasmi madukani. Mwisho wa mwaka TorrentFreak, chombo kinachofuatilia habari za uharamia, kiliuweka Spore juu ya orodha ya michezo ya kompyuta iliyochukuliwa zaidi bila kulipiwa, kwa makadirio ya mara milioni 1.7. Aliyeiba alicheza bila kuhesabiwa, na aliyelipa ndiye aliyebaki kupiga simu akiomba ruhusa.

Tundu kwenye kompyuta ya asiyecheza

Kisa cha SafeDisc ndicho kinachopaswa kumwamsha mfanyabiashara ambaye hajawahi kugusa gemu. Draiva yake, iitwayo secdrv, ilitumika kwa michezo mingi kiasi kwamba Microsoft iliiweka ndani ya Windows XP tangu kiwandani. Kila kompyuta yenye mfumo huo ilikuwa nayo, iwe ya mtoto, ya benki au ya wakala wa forodha.

Mwaka 2007 iligundulika kuwa draiva hiyo ina kasoro. Mtu mwenye akaunti ya kawaida, au kirusi kilichoingia kwa mamlaka madogo, aliweza kuitumia kujipandisha cheo hadi kuwa msimamizi wa kompyuta yote. Kasoro hiyo ilikuwa tayari inatumiwa na wahalifu kabla ya dawa kupatikana. Microsoft ilitoa sasisho la kuiziba Desemba 2007. Kwa muda wote kabla ya hapo, mtu aliyetumia kompyuta yake kwa barua na hesabu peke yake alibeba hatari ya kufuli la michezo asiyoijua.

Mwisho wa SafeDisc ulikuja mwaka 2015. Windows 10 ilitolewa bila kuitambua draiva hiyo, na Septemba mwaka huohuo sasisho la usalama liliizima pia kwenye Windows Vista, 7 na 8. Kwa usalama ulikuwa uamuzi wa maana. Lakini kwa mwenye diski, michezo mingi iliyotoka kati ya mwisho wa miaka ya 1990 na miaka ya 2000 haikufunguka tena kwenye kompyuta mpya. Anayenunua boksi la diski za zamani ili kuziuza tena anapaswa kulikumbuka hilo kabla ya kulipa nauli ya mzigo.

Somo hilo halikushika. Septemba 2016, kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa sasisho la mchezo wa Street Fighter V lililoweka draiva mpya ya kuzuia watu kuvuruga mchezo. Wataalamu waligundua kuwa draiva hiyo iliiruhusu programu yoyote iliyomo kwenye kompyuta kufanya inachotaka katika kiini cha mfumo. Capcom iliiondoa haraka, lakini nakala zake zilikuwa zimeshatoka, na wadukuzi waliendelea kuzitumia kama kifaa cha kazi.

Agosti 2022, kampuni ya usalama ya Trend Micro ilieleza jinsi wahalifu walivyotumia draiva ya kuzuia udanganyifu katika mchezo wa Genshin Impact kuzima programu za kupambana na virusi, kisha kufunga mafaili ya kampuni na kudai kikombozi. Kompyuta zilizoshambuliwa hazikuwa na haja ya kuwa na mchezo huo. Wahalifu walikuja na draiva mkononi, na kwa kuwa ilikuwa na saini halali, Windows iliipokea kama mgeni anayejulikana.

Mnamo 2005 ulimwengu wa muziki nao uliwahi kuonja jambo hilo. Kampuni ya Sony BMG iliuza CD za muziki zenye programu iliyojificha ndani ya Windows na kuficha kila faili lililoanza na herufi fulani. Mtaalamu Mark Russinovich alilifichua hilo Oktoba 31, 2005, na katika wiki chache waandishi wa virusi walianza kujificha kwenye kivuli hichohicho. Kampuni ililazimika kuzirudisha CD hizo. Mwaka 2007 ilikubaliana na Tume ya Biashara ya Marekani kuwalipa hadi dola 150 wateja ambao kompyuta zao ziliharibika walipojaribu kuiondoa programu hiyo.

Kufuli linalotegemea mtandao

Siku hizi diski zimepungua, na jina linalosikika zaidi ni Denuvo, ulinzi kutoka Austria ulioanza kutumika mwaka 2014 na sasa uko chini ya kampuni ya Irdeto. Kazi yake ni kuchelewesha uharamia katika wiki za kwanza, wakati mauzo yanapokuwa makubwa. Kwa hesabu za biashara hilo linaeleweka: mchezo mkubwa hugharimu mamilioni ya dola, na wiki za mwanzo ndizo zinazorudisha mtaji.

Hata hivyo mzigo bado unamwangukia mteja. Novemba 2021, Intel ilipotoa vichakato vyake vya kizazi cha 12, vyenye viini vya aina mbili ndani ya chombo kimoja, baadhi ya michezo iligoma. Ulinzi uliodhani viini hivyo ni kompyuta mbili tofauti ulifikiri mchezo umehamishwa, na kompyuta iliyogharimu fedha nyingi ikashindwa kufungua mchezo uliolipiwa. Mwezi huohuo, anwani ya mtandao iliyotumiwa na Denuvo iliachwa kuisha muda wake bila kulipiwa, na kwa saa kadhaa wateja wa michezo mbalimbali walikuta mlango umefungwa.

Kasi nayo imekuwa malalamiko. Mchezo wa Resident Evil Village wa mwaka 2021 ulikwamakwama kwenye kompyuta za waliolipa, wakati nakala iliyovunjwa kufuli ilikwenda laini. Wapimaji wa Digital Foundry walithibitisha tofauti hiyo. Julai mwaka huo Capcom ilitoa sasisho lililorekebisha ulinzi wake, na mchezo ukatulia.

Kwa wenye intaneti ya kubahatisha, habari ya Ubisoft ya mwaka 2010 ni ya kukumbukwa. Kampuni hiyo ilitoa Assassin's Creed II kwa kompyuta ikitaka mchezaji awe kwenye mtandao muda wote. Machi 7, seva zake zilishambuliwa, na watu wengi waliolipia mchezo wakashindwa kuucheza. Ikiwa hilo liliwafika watu wa Paris na London, anayenunua bando kwa siku hana haja ya kuuliza hali yake ingekuwaje.

Na kampuni inaweza kuamua kuzima seva kabisa. Ubisoft ilifanya hivyo kwa mchezo wa magari wa The Crew mwishoni mwa Machi 2024, na diski zake zikabaki mapambo. Kelele za wateja zilizaa kampeni barani Ulaya iliyokusanya saini zaidi ya milioni moja. California nayo ilipitisha sheria, inayotumika tangu Januari 2025, inayomtaka muuzaji wa bidhaa za kidijitali aseme wazi kuwa mteja anapewa leseni ya kutumia, si mali.

Waliouza katika soko la bandia

Upo mfano wa wafanyabiashara waliolitazama tatizo hili kwa jicho la sokoni. Marcin Iwiński na Michał Kiciński walianzisha CD Projekt mjini Warsaw mwaka 1994, katika nchi ambako gemu za bandia ziliuzwa hadharani kama nyanya. Mwaka 1999 walileta mchezo wa Baldur's Gate uliotafsiriwa kwa Kipolandi. Walijua hawawezi kumshinda muuza bandia kwa bei. Badala ya kuongeza kufuli, waliongeza vitu ndani ya boksi: ramani, kitabu cha maelekezo, CD ya muziki na sauti za waigizaji wanaojulikana Poland. Muuza bandia alihitaji kuchoma CD tano kwa mchezo mmoja, na bado hakuwa na ramani wala kitabu. Kwa maelezo ya waanzilishi wenyewe, nakala 18,000 ziliondoka siku ya kwanza.

Mwaka 2008 walifungua duka la mtandaoni liitwalo GOG, linalouza michezo bila kufuli lolote. Lilianza na michezo ya zamani, likiirekebisha ili ifanye kazi kwenye Windows mpya. Mei 2011 walitoa The Witcher 2 kwa njia mbili: diski za madukani zilikuwa na SecuROM, na toleo la GOG halikuwa na kitu. Nakala iliyosambazwa na waharamia ilikuwa ile yenye ulinzi, baada ya kuvunjwa. Kampuni iliuondoa ulinzi huo kwa sasisho siku chache baadaye, na wachezaji wakaona mchezo unakwenda vizuri zaidi.

Hiyo haina maana kwamba uharamia hauna hasara, au kwamba mwenye mali asiilinde. Anayeuza vitenge halisi akishindana na vitenge vya bandia anaijua hasara hiyo vizuri. Somo lenyewe ni kwamba ulinzi unaomchosha mteja mwaminifu na kumwacha mwizi aende zake ni gharama ya mara mbili kwa muuzaji, kwanza kuununua na pili kumpoteza mteja.

Kabla ya kununua, kabla ya kuweka

Kwa mfanyabiashara, jambo la kwanza ni kutenganisha. Kompyuta ya risiti, ankara na benki isiwekewe gemu, iwe halali au ya wizi. Asiye na uwezo wa kompyuta mbili afungue angalau akaunti tofauti ya mtoto isiyo na mamlaka ya usimamizi. Draiva haiwezi kuwekwa bila ruhusa ya msimamizi, hivyo mchezo ukiomba ruhusa hiyo, mwenye kompyuta atajua kuna kitu kinaingia stoo.

Jambo la pili ni kutokimbilia nakala zilizovunjwa kufuli kwa hasira ya ulinzi. Anayevunja kufuli la mchezo anaweza kuweka lake, na mafaili ya namna hiyo ni njia kongwe ya kusambaza virusi. Anayetaka mchezo usio na ulinzi mzito anaweza kuupata kihalali. Maduka kama GOG yanauza, na katika Steam ukurasa wa mchezo hutaja iwapo una ulinzi wa ziada kama Denuvo na kikomo cha kompyuta.

Tatu ni masasisho. Windows 11 za tangu mwaka 2022 zina orodha ya draiva hatari ambazo zinazuiwa kufanya kazi, na ulinzi huo unaonekana katika mipangilio ya usalama, sehemu iitwayo Core isolation. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya bure Oktoba 14, 2025. Anayenunua kompyuta za mitumba kwa jumla aulize mapema kama zinakubali Windows 11, kwa sababu jibu hilo sasa ni sehemu ya bei.

Nne ni kwa wauza diski. Kabla ya kuchukua mzigo wa michezo ya kompyuta ya zamani, jaribu diski moja kwenye Windows ya sasa. Tazama kama boksi linataja kuwezesha kwa mtandao au namba ya leseni. Namba iliyokwisha kutumika haiuziki, hata kama diski inang'aa. Kwa mteja, boksi hilo halitakuwa na tofauti na la bandia, na atakayerudishiwa lawama ni muuzaji wa mwisho, siyo kampuni ya ng'ambo.

La mwisho ni nakala ya akiba. Hesabu za wiki zihamishiwe kwenye diski ya nje, kisha diski hiyo ichomolewe na kuwekwa mbali na kompyuta. Nakala iliyoachwa imechomekwa inaweza kufungwa na wahalifu pamoja na kompyuta yenyewe. Kazi hiyo huchukua dakika chache jioni kabla ya kufunga duka, na ndiyo inayoamua kama kompyuta ikianguka kesho wadeni watadaiwa kwa kumbukumbu zilizoandikwa au kwa kubahatisha.